Ndula na Printi: Venye Utachagua Tekscha ya Ngozi Bila Kuchezwa

Ukidondoka Kariokor siku yoyote ya wiki, pale ndani penye mafundi wa viatu wamejipanga, utapata ngozi zimekunjwa kwa rafu zikikungoja. Kuna ya vipele vidogo vidogo. Kuna ya magamba ya mamba. Kuna ya mistari imekatana, na kuna ile plein, laini kabisa. Fundi anakuuliza, "Unataka gani, brathe?" Wasee wengi hujibu na rangi: nyeusi, brauni, maruni. Manze, rangi ingefaa kukuja mwisho. Mwaka ujao fundi anaweza kuchukua hiyo brauni aifanye nyeusi, na ndula iendelee kusonga. Tekscha ikishaingia kwa ngozi haitoki. Utatembea nayo mpaka soli iishe.

Kuna stori inazunguka mtaani ati ngozi ya printi ni feki, ati mse mwenye ako rada hununua plein tu. Mimi hiyo sikubali. Printi ni ufundi, na pea mob kali hapa duniani zimechapwa. Feki ni muuzaji kukuapia ni mamba na ni ng'ombe amechapwa mamba. Feki ni kukuuzia reksini akisema ni ngozi. Ukijua kutofautisha hizo vitu, utachagua na macho na vidole vyako, na mdomo wa muuzaji hautakupeleka mbio.

Printi huingia aje

Ng'ombe akishachinjwa, ngozi yake hupelekwa kwa viwanda, mob ziko Athi River na Thika. Huko inatolewa manyoya na kuwekwa dawa isioze. Dawa yenye hutumika sana ni kromu, na ndio hufanya ngozi ikae bluu ikiwa bado mbichi-mbichi. Wasee wa hiyo biashara huiita wet blue, na ngozi mingi ya Kenya huuzwa majuu ikiwa imefika hapo tu. Yenye inabaki inawekwa mafuta, rangi, kisha inaenda kwa presi.

Presi ni mashini ya uzito mnoma. Inashika sahani ya chuma yenye imechongwa mchoro, inaipasha joto, kitu kati ya nyuzi 60 na 100, halafu inaikandamiza kwa uso wa ngozi. Viwanda zingine hutumia rola, ngozi inapita chini ikitoka na mchoro upande ule mwingine. Joto hulainisha ile rangi ya juu na nyuzinyuzi za ngozi, presha inazilaza, zikipoa zinabaki hivyo. Ngozi yenye imetengenezwa na maji ya maganda ya miti hushika mchoro deep na mkali. Ya kromu iko na springi, inataka kurudi venye ilikuwa, kwa hivyo kiwanda huongeza koti nzito ya rangi juu ndio mchoro ukae.

Sasa mbona wachape? Sababu ya kwanza ni luku, hiyo iko wazi. Ya pili inatuhusu sisi zaidi: makovu. Ng'ombe wa huku ameishi maisha. Kupe wamemuuma, miiba ya migunga imemkwaruza, mwenye mali amemchoma alama na chuma moto ndio asiibiwe, na mara mob hiyo alama imekaa pahali ngozi ingekuwa safi kuliko zote. Akifika kwa kichinjio, kisu cha mchunaji kikiteleza kinaongeza yake. Ngozi kama hiyo ikiachwa plein, kila kovu litaonekana kwa ndula. Kiwanda huipiga msasa, kinaweka koti, kinachapa mchoro juu, na ngozi yenye ingeuzwa bei ya kutupa inakuwa kiatu cha kuendea mboka.

Mimi naona hiyo ni poa. Ng'ombe ashaliwa, ngozi iko, na kuna fundi ako na watoi wa kulisha kutokana nayo. Lakini elewa kenye umenunua. Msasa huondoa ile sakafu ya juu penye nyuzinyuzi zimeshikana zaidi, na koti nzito hufanya ngozi isipumue vile. Ukipiga msasa kidogo na printi nyepesi, unapata ngozi bado ni ngozi. Ukipiga msasa sana ukaweka koti nene, mguu wako unaishi ndani ya rangi. Kwa hivyo ukishika printi yoyote, swali la kwanza ni hii: chini yake kuna nini?

Vipele: mfalme wa mtaa

Hii ndio tekscha yenye ningeshauri mtu yeyote aanze nayo. Vipele vidogo vya mviringo, vimejaa uso mzima. Waingereza huiita Skochi-greini, na walikuwa wanaishonea viatu vya mashambani, vya kutembea kwa matope na mvua. Mpaka leo utapata brogi na buti zao nzito zimetengenezwa nayo. Sababu ni simple: vipele huficha. Ukikwaruzwa na ngazi ya mat, haionekani. Mguu ukikunja pale mbele, ile mikunjo inapotelea ndani ya mchoro. Kwa mse wa kushuka Muthurwa, avuke matope ya Gikosh, na bado aingie kwa ofisi saa mbili akikaa fiti, hii ngozi inamwelewa.

Vipele pia hushika. Horween, kiwanda cha ngozi cha Chicago chenye kilianza 1905, ndicho hutengeneza ngozi ya mpira wa NFL, na hiyo ngozi huchapwa vipele ndio mkono usiteleze. Mpira wa basket nao uko na vipele kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kaa rada hapa, juu kuna vipele aina mbili na bei haifanani. Kuna vya kuchapwa na sahani, na kuna vya kuzungushwa. Vya kuzungushwa havijaguswa na mchoro wowote: ngozi inatupwa kwa pipa kubwa, inazungushwa masaa mob, inajikunja-kunja mpaka vipele vyake vya asili vinaamka. Utavijua juu havifanani. Karibu na shingo vimekaa vikubwa, mgongoni vidogo, tumboni vimelegea. Hiyo ngozi ni laini, inaingia mguu siku ya kwanza. Ya kuchapwa iko ngumu kidogo na vipele vyake vinarudia mpangilio, ukiangalia polepole utaona mchoro unajirudia. Kwa sniker, chukua ya kuzungushwa. Wasee wa Air Force 1 wanajua venye ile plein nyeupe hukunjika mbele na kukaa mzee mapema. Pea yenye iko na vipele vya kuzungushwa hukaa sherehe kwa muda mrefu zaidi. Kwa kiatu cha ofisi, ya kuchapwa iko sawa, juu inashika shepu.

Mistari: ya masonko na ya wenye subira

Kuna printi ya mistari midogo imekatana kwa mshazari, inaitwa Saffiano. Prada, kampuni ya fasheni ya Milan ilianzishwa 1913, ndio iliifanya ijulikane dunia mzima kwa mikoba. Uso wake umefunikwa koti ngumu, maji yanateleza, uchafu unapanguswa na kitambaa na story inaisha. Hapo ndio mafundi wengine hukosea, wanafikiria kenye kinafaa mkoba kitafaa ndula. Mkoba haukunji mahali pamoja kila hatua. Kiatu kinakunja, na koti ngumu ikikunjwa mwaka mzima pale penye vidole vinaanzia, inapasuka. Ukipenda Saffiano, iweke kwa lofa yenye haikunji sana, ama mwambie fundi aiweke nyuma kwa kisigino na pembeni, mbele aweke plein. Hiyo mchanganyiko pia inakaa kali.

Kuna mistari ingine imekatana yenye iko na historia ya kukushtua. Zamani Warusi walikuwa wanatengeneza ngozi yenye imechapwa mistari ya mshazari na kupakwa mafuta ya mti wa bachi, na Ulaya mzima ilikuwa inaitaka. Mwaka wa 1786 meli inaitwa Metta Catharina ilikuwa inatoka St Petersburg ikienda Genoa. Dhoruba ikaizamisha karibu na Plymouth, Uingereza. Mwaka wa 1973 wapiga mbizi wakaipata, na ndani kulikuwa na marundo ya hiyo ngozi ya Warusi, ya kulungu wa baridi. Matope ya bahari yalikuwa yamezichunga karibu miaka 200. Zilikaushwa, zikasafishwa, na mafundi wa London wakazishonea viatu. Ile mistari bado ilikuwa inaonekana. Mtu akikuambia ngozi ya printi ni ya kutupa, mpigie hiyo stori. Kenye kiliokoa ile ngozi ni kazi ya ndani, yale mafuta na zile siku mob ilikaa kwa maji ya maganda. Mchoro ulidumu juu ngozi yenyewe ilidumu.

Mamba, nyoka, mbuni na ndovu

Hapa ndio wasee wengi huchezwa, kwa hivyo skiza fiti. Ngozi ya mamba oriji iko, na Kenya kuna mashamba ya mamba. Lakini biashara yake inachungwa na mkataba wa CITES na sheria ya wanyamapori ya 2013, na bila makaratasi ya Kenya Wildlife Service unaweza kujipata kwa ngori kubwa. Chatu ni hivyo hivyo. Mse akikuuzia ndula ya "mamba oriji" kwa pavementi bei ya kutupa, hapo hakuna mamba. Na hiyo si mbaya. Printi ya mamba juu ya ng'ombe ni halali, ni poa kwa macho, na haikuweki kwa shida na mtu. Mwambie tu aiite jina lake, na alipishe bei yake.

Kutofautisha ni rahisi. Magamba ya mamba oriji hayafanani hata mawili, na mengi yako na kanukta kadogo, kama shimo la sindano. Ya printi yanajirudia, na kati ya gamba na gamba ni mtaro tu umekandamizwa. Mbuni naye, vile vinundu ni penye manyoya yalitoka, vimejaa katikati ya mgongo na kupungua pembeni. Kwa printi vinundu vimejipanga kama wanafunzi kwa paredi.

Ndovu ndio wa masniker. Air Jordan 3 ilitoka 1988, mikono ya Tinker Hatfield, mse mwenye alisomea kuchora majengo. Aliweka printi ya ndovu mbele na nyuma, katikati akaweka ngozi ya kuzungushwa. Mwaka huo huo Michael Jordan alishinda shindano la danki akiwa amezidunga. Cheki venye Hatfield alipanga: printi yenye inapiga kelele aliiweka sehemu ndogo, penye kiatu hugongwa na kukwaruzwa, na mwili mkubwa akauacha utulie. Hiyo ni shule kwa mtu yeyote anataka kuagiza ndula yake. Printi ya mnyama ikijaa kiatu kizima, itakataa pamba zako zote. Ikikaa kwa kisigino ama kwa ulimi, itaenda na jinsi, na kaki, na suti.

Na kama unataka magamba ya ukweli bila shida na sheria, cheki kando ya Ziwa Victoria. Ngozi ya mbuta, yenye kitambo ilikuwa inatupwa baada ya minofu kutolewa, siku hizi inatengenezwa na kushonewa viatu na mikoba. Vile vimifuko penye magamba yalikaa hubaki, na hakuna vipande viwili vinafanana. Hiyo tekscha hakuna sahani imeigusa, na ni yetu.

Kenye fundi anajua na wewe hujui

Ngozi ikiwa imelala kwa meza inakaa tofauti na ikiwa kwa mguu. Fundi akishona, anaivuta na koleo juu ya lasti, ule mguu wa mbao ama plastiki. Pale kwa ncha ya vidole ndio inavutwa zaidi, na mchoro unafunguka. Vipele vinakuwa bapa, magamba yanapanuka. Kwa hivyo mchoro mdogo ndio unafaa ncha, na mchoro wenye umechapwa juu-juu unaweza kupotea kabisa hapo. Muulize fundi akuonyeshe pea yenye ashamaliza na ngozi hiyo hiyo, usitosheke na kipande cha rafu.

Halafu kuna mambo ya kulia na kushoto. Printi ya vipele inakatwa popote na pea inalingana. Magamba makubwa yanataka fundi atafute sehemu mbili zinafanana, gamba kubwa likae katikati ya mguu huu na ule. Hapo ngozi mob inaharibika, na ngozi huuzwa kwa futi. Akikuitisha ngiri zaidi ya pea ya mamba, usidhani anakuibia. Lakini umecheki pea na upande mmoja magamba ni makubwa na upande mwingine ni madogo? Huyo alikuwa anaharakisha. Rudisha kwa meza.

Vidole vyako ndio mashini

Kabla utoe doh, fanya hizi vitu. Angalia ukingo penye ngozi imekatwa, ndani ya mdomo wa kiatu. Ngozi iko na nyuzinyuzi, hata imekaa na manyoya kidogo. Reksini iko na kitambaa chini na plastiki juu, mstari umenyooka. Kuna ya tatu ya kukuchanganya: ile sakafu ya chini ya ngozi, imefunikwa plastiki yenye imechapwa vipele. Ni ng'ombe, muuzaji hajadanganya, lakini hiyo plastiki itakuja kuambuka kama rangi ya ukuta wenye maji. Stempu ya "ngozi halisi" haitakusaidia hapo, juu hata hiyo ya chini inaruhusiwa kuivaa.

Pili, kunja na kidole gumba, usukume kutoka ndani. Ngozi fiti inatoa mikunjo midogo na inarudi. Ikitoa mstari mmoja mweupe, koti ni nzito, na hapo ndio itapasukia. Tatu, weka tone la maji mahali pamefichika. Ngozi yenye koti nyepesi hulinywa polepole na kukaa nyeusi kidogo. Maji yakikaa juu tu, koti ni nene ama ni plastiki. Hiyo ya mwisho si lazima iwe kosa, kwa mvua ya Aprili unaweza kuitaka. Muhimu ni ujue mapema. Na hii ya kuchoma na kiberiti achana nayo. Unaharibu kiatu ya wenyewe, na printi yenye koti itanuka plastiki hata kama chini ni ng'ombe.

Kuchunga

Tekscha huficha mikwaruzo na pia huficha vumbi. Ukipaka polishi ya nta juu ya vumbi ya Kayole, umetengeneza simiti ndani ya mitaro. Brashi kwanza, kavu, ya nywele laini, kila jioni. Kisha krimu nyepesi, kidogo tu, isugue na brashi iingie kila pembe. Nta nzito iweke kwa ncha na kisigino pekee. Saffiano inataka kitambaa chenye kimelowa kidogo, basi. Zikilowa na mvua, jaza magazeti ndani na uweke kwa kivuli. Jiko na jua ya mabati hukausha mafuta ya ngozi, na printi inaanza kupasuka kufuata mchoro.

Uchukue gani?

Kama unatembea sana, unapanda nganya na mboka yako iko na vumbi, chukua vipele, brauni ya giza ama nyeusi, soli ya mpira. Kama wewe ni wa sherehe na harusi za mabeshte, plein mbele na printi kwa kisigino, upigwe picha bila wasiwasi. Kama uko na pea kadhaa tayari na unataka moja ya kusimamisha stage, agiza mbuta ama printi ya mamba sehemu ndogo, na uache suruali iwe ya rangi moja. Kwa wasichana wanaoshonesha sandali, printi kwa mikanda inakaa noma juu mikanda haivutwi kwa ncha, mchoro unabaki venye ulichapwa.

Na kama doh yako inatosha pea moja tu mwaka huu, nenda kwa fundi siku ya wiki asubuhi, kabla wateja wajae. Muombe kipande cha vipele, ukikunje, uangalie ukingo, umuulize ngozi imetoka kiwanda gani. Fundi mwenye anajua ngozi yake atakujibu na roho safi, na atakuonyesha hadi penye kovu la kupe lilikuwa. Huyo ndio wa kupea kazi. Mlipe bei yenye mmekubaliana bila kumfinya, juu hiyo pea utaidunga miaka, na ikifika wakati wa soli mpya utarudi kwake.